Asidi Haiulizi Ukoo

Chukua kipande cha chuma chenye ukubwa wa stempu ya posta. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kioshe kwa asetoni, kikaushe, kipime kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, kisha kining'inize kwa uzi ndani ya glasi ya asidi ya haidrokloriki. Hapohapo viputo vinaanza kupanda. Hiyo ni haidrojeni, na kila kiputo ni ushahidi kwamba chuma kinaliwa. Ndani ya asidi chuma hakina muda wa kushika kutu nyekundu kama bati la paani. Kinayeyuka na kuwa chumvi, na kadiri saa zinavyopita maji yanageuka kijani hafifu. Sasa chukua kipande cha pili kilichoandaliwa vivyo hivyo, lakini kwenye asidi tangulia kutia kidogo rojo la majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, yakachujwa, maji yake yakakaushwa. Viputo vinapungua. Vipande vyote viwili vikitolewa na kupimwa upya, cha pili kimepoteza sehemu ndogo tu ya uzito uliopotezwa na cha kwanza. Jaribio hili limefanywa kwa hina, mlonge, mpapai, mshubiri, kitunguu saumu, maganda ya machungwa na mimea mingine mingi, na mara kwa mara watafiti huripoti kinga ya asilimia 80, 90 au zaidi.

Kwamba jani linaweza kukilinda chuma, hilo halina ubishi tena. Ubishi uko kwenye sentensi inayofuata mara tu baada ya matokeo, katika makala za wataalamu na katika mazungumzo ya kawaida: kwa kuwa kinga hii imetoka kwenye mmea, basi ni salama, ni safi, ni rafiki wa mazingira, na inaishinda ile ya kiwandani. Sentensi hiyo huandikwa kana kwamba ni sehemu ya vipimo, ilhali hakuna mizani iliyoipima. Ni hukumu ya kimaadili iliyovaa koti jeupe la maabara, na nyuma yake kuna swali lililoizidi kemia umri: je, kitu kuwa cha asili ni wema? Wapo wanaolijibu kwa imani, wakisema kilichotoka mkononi mwa Muumba hakiwezi kulinganishwa na kilichotoka kwenye pipa la kiwanda. Wapo wanaolijibu kwa hofu tu ya viwanda, na hofu hiyo wameipata kihalali. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba uasili wa kitu ni habari ya kilikotoka, na habari hiyo peke yake haikibariki wala haikilaani. Linalostahili hukumu ni lile ambalo kitu kinafanya, kwa nani, kwa kiasi gani, na mabaki yake yanaishia wapi.

Tuanze na asidi yenyewe, maana hakimu huyu hana upendeleo. Atomu za chuma zilizo juu ya uso huachia elektroni na kuingia majini. Ayoni za haidrojeni huzipokea elektroni hizo na kuondoka zikiwa gesi. Anayetaka kuzuia ulaji huo hana haja ya kuiua asidi. Inatosha aizibe nafasi ambayo mabadilishano hayo hufanyikia. Molekuli zenye naitrojeni, oksijeni au salfa, hasa zile zenye pete za kaboni, zina elektroni zinazoweza kuegemea kwenye uso wa chuma. Nyingine, zikiwa na chaji chanya ndani ya asidi, hunasa juu ya ayoni za kloridi ambazo zimekwisha kuganda hapo. Mwaka 1918 Irving Langmuir, mkemia wa Marekani aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1932, alieleza kwa hesabu jinsi molekuli zinavyokaa juu ya uso mgumu: kama abiria wa daladala, kila mmoja na kiti chake, na viti vikijaa gari limejaa. (Ni daladala ya kinadharia, haisimamishi abiria.) Hadi leo mtafiti anayepima majani ya mpapai huchora matokeo yake kwenye mstari wa Langmuir, na anayepima kinga ya kiwandani huchora kwenye mstari uleule. Katika hesabu hiyo kuna ukolezi, kuna joto, kuna nguvu ya kushikana. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba molekuli hii ni ya shambani na ile ni ya mjini.

Jambo hili liliwahi kuwa na utata mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakemia wengi waliamini kwamba vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai vimebeba nguvu ya uhai ambayo mwanadamu hawezi kuiiga kwa chupa na moto. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alipata yurea, ileile iliyomo kwenye mkojo, kutokana na chumvi ya amonia, bila kuhitaji mwili wa mnyama yeyote. Imani ya nguvu ya uhai haikufa siku hiyo, ila tangu hapo ilianza kuishiwa mahali pa kujificha, kwani yurea ya maabara na yurea ya mkojo hazitofautishwi kwa kipimo chochote kinachogusa tabia zao za kikemia. Anayesema leo kwamba molekuli ya jani ni njema kwa sababu ni ya jani anaifufua nguvu ya uhai bila kuitaja. Anaamini kuna kitu cha ziada ndani yake, kisichoonekana katika atomu zake, kinachoendelea kuishi baada ya jani kukatwa, kuchemshwa, kuchujwa kwa ethanoli na kukaushwa kwenye tanuri. Wala si ajabu kuamini kitu kisichoonekana. Watu wa dini tunaamini vingi. Ila kiitwe imani, na kisiingizwe kwenye jedwali la matokeo.

Historia nayo haimpi mtu yeyote hadithi rahisi. Wenye viwanda vya chuma wa karne ya 19 walipokuwa wakiosha mabamba kwa asidi ili kuondoa magamba meusi ya tanuri, walijifunza kutia humo vitu vya jikoni: hataza za mwanzo kabisa za kuzuia chuma kisiliwe zilihusu molasi na mafuta ya mimea. Kwa hiyo mmea haukuja juzi kuikomboa dunia kutoka kwa kemikali; ulitangulia, ukaachwa. Na kilichokuja baadaye kilikuwa cha kutisha kweli. Mwaka 1932, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kampuni ya Dow na kampuni ya Pure Oil zilipomimina asidi ya haidrokloriki ndani ya kisima cha mafuta ili kuufungua mwamba wa chokaa, bomba lilikingwa kwa aseniki. Aseniki ililinda chuma vizuri. Ililinda vizuri kama inavyoua vizuri. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na misombo ya kaboni, na baadhi ya hiyo, mfano alkoholi ya propagili inayotumika visimani, ni sumu kwa anayeivuta au kuigusa. Mtu anayeikumbuka historia hiyo akasema sasa turudi kwenye majani, namwelewa. Namkumbusha tu kwamba aseniki haikubuniwa na mwanadamu. Imo ardhini tangu kuumbwa kwa ardhi, na katika sehemu za Bangladesh na jimbo la Bengali Magharibi nchini India imo katika maji ya visima vya kunywa, ikiwadhuru watu bila mkono wa kiwanda chochote cha kemikali. Kama uasili ungekuwa cheti, aseniki nayo ingekuwa nacho.

Si aseniki tu. Katika orodha ya vitu vya mimea vilivyopimwa na kuonekana vinailinda feleji ndani ya asidi zimo strikinini, kwinini na nikotini. Zote tatu ni alkaloidi, zote zina naitrojeni ya kushika chuma. Strikinini inatoka kwenye mbegu za mti wa Asia, ndugu wa mtonga wetu ambao matunda yake watoto huyachuma porini na kuyala. Strikinini yenyewe imetumika kwa vizazi kuua panya na mbwa, na humuua mtu kwa mishtuko ya misuli. Nikotini safi ikimwagika kwenye ngozi inaweza kumwua mtu bila sigara kuwashwa. Huu si mkusanyiko wa mifano iliyookotwa kwa ukorofi ili kuwaaibisha wapenzi wa mimea. Mmea haukimbii. Ukishambuliwa na kiwavi au mbuzi hauna mguu wala meno, kwa hiyo unajitetea kwa kemia: tanini zinazokausha kinywa, alkaloidi zinazovuruga neva, mafuta makali yanayochoma. Molekuli hizohizo, zenye pete na naitrojeni na oksijeni, ndizo zinazopenda kuukalia uso wa chuma. Tunapotafuta mmea wenye nguvu ya kulinda chuma tunafungua ghala la silaha, na kadiri kinga inavyokuwa kali ndivyo inavyopasa kuuliza kwa makini zaidi silaha hiyo ilikusudiwa nini.

Mfano ulio karibu nasi ni korosho. Ganda lake lina mafuta meusi yenye asidi ya anakadiki, kadoli na kadanoli, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliochunguza mafuta hayo kama kinga ya chuma cha kaboni. Ni wazo zuri, na nitalirudia. Lakini anayebangua korosho kwa mkono anayajua mafuta hayo kwa njia nyingine: yanababua. Yakirukia kidole ngozi inakuwa nyeusi, inakakamaa, inachubuka, na ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta ya kula kabla ya kushika nyundo. Mkorosho ni wa asili, ganda ni la asili, na lengelenge linalotokea kidoleni ni la asili pia.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza lenye uzito linapoingia. Utaambiwa: hujatendea haki hoja yetu. Hatusemi kila mmea ni salama. Tunasema ile ambayo watu wameishi nayo kwa karne nyingi imekwisha kupimwa na wakati. Hina imepakwa mikononi mwa maharusi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar vizazi hata vizazi. Je, hilo si jaribio refu kuliko yote? Ni jaribio, nakubali, na wanaolidharau wanapoteza ushahidi wa thamani. Swali ni limejaribu nini. Limejaribu majani yaliyosagwa, yakapakwa juu ya ngozi nzima ya mtu mzima, kwa saa chache, kwa siku chache za mwaka. Halijajaribu pipa la asidi lenye rojo la hina lililokolezwa, likatumika mwezi mzima, kisha likamwagwa. Tena hata ndani ya mipaka yake jaribio hilo halikuona kila kitu. Kiini cha rangi ya hina ni loosoni, molekuli ileile ambayo watafiti huitaja wanapoeleza kwa nini hina inalinda chuma. Madaktari wamekwisha kuandika kuhusu watoto wachanga ambao chembe nyekundu za damu yao zilipasuka baada ya kupakwa hina, kwa sababu walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi kwa jamii zilizoishi na malaria kwa muda mrefu, wakazi wa pwani yetu wakiwemo. Bibi aliyempaka mjukuu hakukosa hekima. Alikuwa na ushahidi wa mikono mingi iliyopakwa ikabaki salama, na hakuwa na njia ya kuona damu ya huyu mmoja. Mazoea ya muda mrefu ni shahidi mzuri wa yale yaliyozoeleka. Akihamishiwa kwenye kiasi kingine, njia nyingine ya kuingia mwilini, au mto badala ya mkono, ushahidi wake unaisha.

Sasa hoja ya dini, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo yenye mizizi. Waislamu wamepokea hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake; Wakatoliki wanasoma katika Yoshua bin Sira kwamba Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini na mwenye akili hazidharau. Kurani imeipa sura nzima jina la chuma na kukitaja kuwa na nguvu kali na manufaa kwa watu. Mwenye kuyaunganisha haya anaweza kusema: chuma ni neema, ulaji wake ni ugonjwa wake, na dawa imewekwa majanini tangu mwanzo. Napenda uzuri wa wazo hilo, na sina sababu ya kumcheka anayeona mkono wa Mungu katika mwarobaini kukinga bomba. Ila mantiki yake inabidi ifuatwe pole pole. Kusema kila ugonjwa una dawa si kusema kila jani ni dawa. Sentensi ya kwanza ni ahadi kuhusu magonjwa. Ya pili ni dai kuhusu majani, na hakuna andiko kati ya hayo linalolitoa. Ahadi inamtuma mtu akatafute, na anayetafuta hupima, hukosea, hutupa, huchagua. Anayeligeuza andiko kuwa lebo ya kubandika kwenye kila chupa amejiondolea kazi ambayo andiko lenyewe linampa. Tena Mwanzo, kitabu kinachosema mimea ilitolewa iwe chakula, kurasa mbili tatu mbele kinasema ardhi itazaa miiba na michongoma. Msomaji mwaminifu hawezi kushika ukurasa mmoja akaruka mwingine.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo la karibu na hili kwa ukali ambao mijadala yetu ya leo imeupoteza. Mwaka 1095 hivi, al-Ghazali, katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa, alikana kwamba moto unaiunguza pamba kwa nguvu yake wenyewe. Tunachokiona, alidai, ni pamba kugusana na moto na kisha kuungua. Anayeunguza ni Mungu, kwa desturi aliyoipitisha. Mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu karibu karne moja baadaye: ukiviondolea vitu tabia zao umeiondoa elimu, kwa sababu kujua kitu ni kujua kinachofanya. Sihitaji kuamua nani alishinda. Lete jani la mwarobaini mbele ya kila mmoja. Kwa al-Ghazali, jani halina wema wake lenyewe wa kumdhamini yeyote. Anayeuweka usalama ndani ya jani amempa mti kilicho cha Mungu. Kwa Ibn Rushd, jani lina tabia yake halisi, na tabia hiyo ni nzima: inayokilinda chuma, inayomfukuza mdudu, na ile iliyomo katika mafuta ya mbegu zake ambayo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa kama dawa. Huwezi kuitwaa nusu moja ya tabia ukaiita asili na kuiacha nusu nyingine bila jina. Njia zote mbili, zinazopingana karibu katika kila kitu, zinakataa kuupa uasili cheo cha wema. Muumini ana mengi ya kusema kuhusu jani, na shukrani ni mojawapo. Dhamana ya usalama haimo.

Pingamizi la pili ni la kisayansi na ni gumu zaidi: vya mimea huoza, na kinachooza hakibaki kutudhuru. Hapa wapinzani wangu wameacha kuzungumzia ukoo na wameanza kuzungumzia tabia, nami nafurahi, kwa sababu kuoza kunapimika. Kwa ujumla wako sahihi. Tanini au sukari ya mmea haitakaa mtoni kwa miongo. Ila kuoza nako kunakula oksijeni ya maji. Maji yaliyomenyewa kahawa hayana kitu ndani yake ila sukari, ute na maganda ya tunda la asili kabisa, na yakielekezwa mtoni bila kusafishwa samaki hufa kwa kukosa pumzi. Mito inayopita kwenye maeneo ya kahawa na mkonge katika nchi zetu imelijua hilo kwa muda mrefu. Isitoshe, pipa la kuoshea chuma halina jani tu. Mwisho wa kazi limejaa asidi na chumvi ya chuma, na pengine zinki kutoka kwenye mabati mabovu yaliyorudishwa kuoshwa. Jani limeokoa chuma na kupunguza asidi iliyopotea bure, jambo jema. Halijayasafisha maji hayo hata kidogo. Mwenye karakana akiambiwa kinga yake ni ya kijani, wa kwanza kudanganyika ni yeye, wa pili ni aliye upande wa chini wa mfereji.

Hapa inafaa kusema lebo inachoficha, kwani madhara yake hayaishii kwenye maneno. Sehemu kubwa ya majaribio hufanywa kwa asidi isiyokolea sana, kwa joto la chumbani au juu kidogo, kwa saa chache. Joto likipanda, molekuli nyingi zilizoshikilia chuma kwa mvuto hafifu zinaachia, na kinga inashuka. Kisima kirefu cha mafuta kina joto la kupita maji yanayochemka. Asilimia nayo ina hila yake. Ukisema kinga ni asilimia 90 umesema kipande kilichokingwa kimepoteza moja ya kumi ya kilichopotezwa na kisichokingwa. Kama kisichokingwa kingemalizika kwa juma moja, kilichokingwa kitamalizika kwa majuma kumi, na mwenye bomba hajafurahi. Rojo lenyewe mara nyingi halijulikani lina nini: makumi ya misombo kwa pamoja, yakibadilika kwa msimu, kwa udongo, kwa umri wa jani na kwa kimiminika kilichotumika kulikamua, ambacho mara nyingi ni methanoli, sumu inayopofusha. Na kipimo cha sumu, ambacho ndicho kingeithibitisha ile sentensi ya mwisho wa makala, huachwa. Kinaachwa kwa sababu kila mtu anadhani kimekwisha kufanywa na neno asili. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Imani ya uasili inamzuia mtafiti mwaminifu kuuliza swali ambalo angeuliza bila kusita kama chupa ingekuwa imetoka kiwandani.

Wakemia wenyewe walikwisha kutoa kanuni nzuri kuliko lebo zao. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walichapisha kanuni kumi na mbili za kemia ya kijani. Kutumia malighafi inayoota tena ni moja tu kati ya hizo. Nyingine zinahusu kuzuia taka zisizaliwe, kupunguza sumu, kutumia nishati kidogo, kuepuka vimiminika hatari, kupanga kitu kioze kikimaliza kazi, kuzuia ajali. Kwa hiyo anayechukua mlonge, akaukamua kwa methanoli, akaukausha kwa umeme siku nzima, akauita wa kijani kwa sababu ya jani, ametimiza kanuni moja, na huenda amevunja mbili au tatu.

Pingamizi la tatu silijibu kwa kulikataa, bali kwa kulihamisha mahali pake. Linasema: hamwoni kwamba hoja ya mimea kwetu ni hoja ya kujitegemea? Kinga za kiwandani tunaziagiza kwa dola. Mwarobaini uko uani. Njombe kuna miwati ambayo tanini yake inajulikana duniani kwa kutengeneza ngozi na kwa kutibu maji ya boila, na Mtwara na Lindi kuna korosho. Hii ni hoja nzuri, ila ni hoja ya haki na uchumi, na inakuwa na nguvu zaidi ikivuliwa vazi la asili. Mlonge ni mboga. Kuuvuna kwa ajili ya mapipa ya asidi ni kumpokonya mtu kitoweo, hata kama ni wa asili mara mia. Ganda la korosho haliliwi na yeyote, kwa hiyo kulitumia hakumnyang'anyi mtu. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi, hasa India na Vietnam, na ganda husafiri pamoja na punje. Anayetaka mafuta hayo yalinde chuma cha hapa nchini hana budi kwanza kushughulika na viwanda vya kubangua, bei, mitaji na glavu za wabanguaji. Hapo mjadala umefika mahali ambapo maamuzi hufanyika, na neno asili halina la kuongeza.

Limebaki lalamiko moja, la moyo zaidi kuliko hoja: kwamba kusema hivi ni kuunyima uumbaji heshima, kuugeuza mti kuwa ghala la molekuli. Naona kinyume chake. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika insha yake kuhusu maumbile iliyotoka mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliorodhesha kwa ukali jinsi maumbile yanavyoua, yanavyonyima na yanavyotesa, akahitimisha kwamba hayawezi kuwa mwalimu wetu wa maadili. Naona alizidisha, aliyaona maumbile kama mshitakiwa, na mti hauna kesi ya kujibu. Lakini aliona sawa kwamba anayeusifu mti kwa upole ambao hauna hajautazama. Mganga wa mitishamba anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Anajua mzizi upi huchimbwa na upi huachwa, anajua kiasi cha mtoto na cha mtu mzima, anajua mjamzito asinywe nini, na atakufukuza ukimwambia kwamba dawa yake haina madhara kwa kuwa ni ya porini. Maabara inayokusudia kuliingiza jani katika asidi ingeweza kuanza na ukali wake: itaje kilichomo ndani ya rojo, ipime kiasi kinachomdhuru samaki na kiasi kinachomdhuru anayechovya mabamba kwa mikono mitupu, iandike kinga ilidumu saa ngapi na kwa joto gani, na pale kwenye mstari ambapo leo kunaandikwa "rafiki wa mazingira" iandike maji ya pipa yalipelekwa wapi baada ya kazi.